Skopu nyepesi ya kutembea nayo Sabaki: uzito upunguze wapi

Kutoka daraja la Sabaki hadi mlangoni mwa mto, pale maji yenye rangi ya udongo yanapoingia baharini, mimi na mgeni anayetazama ndege njiani hutuchukua saa nzima. Ni mchanga, kisha matope, kisha mchanga tena. Kwa miaka sita niliipita njia hiyo na skopu ya milimita 80 begani, yaani darubini ndefu ya jicho moja ya kutazamia mbali, pamoja na miguu yake mitatu ya alumini, tripodi. Siku moja niliviweka vyote kwenye mizani ya muuza samaki: skopu kilo 1.9, miguu kilo 2.6. Kilo 4 na nusu, na hapo sijahesabu darubini ya shingoni, maji ya kunywa wala kitabu cha ndege.

Matokeo ya kilo hizo nayajua vizuri. Siku za jua kali nilianza kuiacha nyumbani. Nilijiambia darubini ya 8x42 itatosha, kisha tukifika tunakuta ndege wamekaa mita mia mbili ng'ambo ya maji, wadogo kama kokoto, na mgeni aliyetoka mbali ananitazama mimi.

Wiki hii vijana wawili wanaoanza kazi ya kuongoza wageni hapa Malindi wameniuliza swali moja: "Mwalimu, nichukue 65 au 85?" Nimewajibu 65. Lakini jibu fupi hivyo linaweza kumpoteza mtu, kwa sababu nilipopunguza uzito mimi mwenyewe mara ya kwanza niliupunguza mahali pabaya.

Tuanze na kioo. Skopu iliyoandikwa 20-60x65 inakuza mara 20 hadi 60, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 65. Ukitaka kuelewa namba hizo zinafanya nini, ishike skopu mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe (kwenye jua kamwe), kisha uangalie kioo cha nyuma. Utaona kiduara kidogo cha mwanga kimeelea katikati ya weusi. Huo ndio mwanga wote utakaolifikia jicho lako. Upana wake unaupata kwa kugawanya lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 65 kwa 30 ni milimita 2.2 hivi, 85 kwa 30 ni 2.8.

Sasa fikiria jicho. Saa tatu asubuhi, juu ya mchanga na maji yanayong'aa, mboni ya jicho hujifunga ikabaki na upana wa milimita 2 hadi 3. Kiduara cha 65 kinaingia chote. Cha 85 kinaijaza mboni hadi ukingoni, na mboni ikijibana hadi milimita 2 mwanga wa ziada unaangukia nje ya tundu, haukusaidii chochote. Faida ya lenzi kubwa ni ya kweli, maana ile ya 85 inakusanya mwanga zaidi kwa asilimia 70 hivi. Ila faida hiyo inajitokeza alfajiri na magharibi, mboni inapofunguka. Na Sabaki kuna viboko. Kabla ya jua kupanda wanaweza kuwa bado nje ya maji wakirudi kutoka malishoni, na mimi simpeleki mtu kwenye kingo zile gizani. Saa ambazo lenzi kubwa ingelipa gharama ya kubebwa ni saa ambazo hatupo.

Ukuzaji nao una kikomo chake, na kikomo hicho kinawekwa na jua. Ikifika saa nne mchanga umeshapata moto, hewa juu yake inacheza kama juu ya jiko la makaa, na ndege aliye mbali anageuka doa linalotetemeka. Ukiongeza hadi 60 unakuza mtetemo ule ule pamoja na ndege. Mimi juu ya 40 hufaidi asubuhi za mawingu, hasa baada ya mvua. Siku nyingine zote nafanya kazi kati ya 25 na 35. Ndiyo maana, kama chapa unayoitaka inauza kioo cha nyuma cha ukuzaji mmoja, mara 25 au 30, chenye uwanja mpana, ningekichagua hicho badala ya kile cha kuvuta, kinachobadilisha ukuzaji. Mara nyingi huwa chepesi zaidi, na ndege anayeruka unampata haraka.

Hesabu hii ya uzito nilifunguliwa macho na mgeni mmoja aliyekuwa mwindaji wa milimani huko Ulaya. Kwetu Kenya uwindaji wa aina hiyo umepigwa marufuku tangu 1977, na nafurahi kwamba ndege na wanyama wetu tunawafuata kwa kioo tu. Lakini nilimsikiliza kwa makini, kwani mtu anayepanda mlima siku nzima na bunduki mgongoni hapuuzi hata gramu mia. Alisema anayevizia nguruwe usiku akiwa ameketi kibandani hupenda kioo cha kulengea juu ya bunduki cha milimita 56, ambacho na kishikio chake kinaweza kukaribia kilo nzima. Anayepanda mlima huchukua cha 40 au 42, na kinaweza kuwa chini ya nusu kilo. Hapo anapunguza bila kusita. Asipopunguza ni kwenye pete mbili zinazokishikilia kioo juu ya bunduki.

Akanichorea kwenye karatasi. Pete zimeachana sentimita 10. Moja ikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa unywele tu, mlengo umepotoka sehemu moja katika elfu. Kwa mita 400 hiyo ni sentimita 40, na risasi inayopita kando kiasi hicho itamjeruhi mnyama au itamkosa kabisa. Kioo kizuri juu ya kishikio dhaifu, alisema, hakina kazi. Karatasi ile niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha ndege, na funzo lake nililisahau mwezi uliofuata.

Maana niliuza pikipiki, nikanunua skopu ya 65 yenye kilo 1.3, na kwa furaha ya wepesi nikaiunganisha na tripodi ya kilo 1.1 iliyokuwa imewekwa dukani pamoja na stendi za kamera ndogo. Miguu yake ilikuwa myembamba kama kalamu kule chini. Tulitoka nayo Julai, kusi limekolea, nikiwa na familia moja ya Nairobi.

Anayeijua Sabaki anajua kwamba kusi ndilo hutuletea ndege waitwao pratinkoli wa Madagaska. Wanazaliana kwao kisiwani, kisha kuanzia Aprili hadi Septemba hivi wanakaa pwani yetu, na mlango wa Sabaki ni miongoni mwa mahali pachache pa kuwaona kwa wingi. Siku ile walikuwa mia kadhaa, wamelala kwenye fungu la mchanga, wote wameelekeza midomo kwenye upepo. Kwa mbali ni rangi ya udongo juu ya udongo. Kinachomtambulisha ni mstari mweupe chini ya jicho, mfupi, kama mtu aliyepaka chokaa kwa ncha ya njiti, na koo lisilo na ule mpaka mweusi ambao pratinkoli wa kawaida anao. Binti wa familia ile, wa miaka kumi hivi, alikuwa amesoma habari zake tangu Nairobi na alitaka mstari huo. Niliuweka ukuzaji kwenye 30. Picha ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba mstari haukuonekana hata kwangu. Nikainuka kumpisha, upepo ukaja na kishindo kimoja, na skopu ikaenda kifudifudi mchangani.

Lenzi haikuvunjika. Pete ya kurekebishia picha iliingiwa na mchanga, na hadi leo ukiizungusha inasaga. Yule mtoto alirudi Nairobi bila kuuona mstari mweupe, na hilo linaniuma kuliko pete.

Baada ya hapo nilinunua miguu ya nyuzi za kaboni ya kilo 1.5 na kichwa cha nusu kilo, kile kinachozunguka taratibu bila kurukaruka. Jumla sasa ni kilo 3.3. Nimeokoa kilo 1.2 kutoka mzigo wangu wa zamani, na picha imetulia kuliko ilivyowahi kutulia. Kama bajeti haitoshi vyote viwili, miguu ya alumini iliyo imara ina nafuu kubwa ya bei. Beba gramu mia tano za ziada, usinunue vijiti.

Na hata miguu imara inahitaji kupangwa. Usiinue nguzo ya katikati. Ikipanda tu umegeuza tripodi kuwa mlingoti. Fungua kwanza vipande vya juu vilivyo vinene. Mguu mmoja uelekeze kule upepo unakokwenda, ndio utakaozuia usianguke. Ninatembea na mfuko mtupu wa unga. Nikifika naujaza mchanga na kuuning'iniza chini ya kichwa, ukigusa ardhi kidogo usije ukabembea. Kusi likizidi, piga magoti.

Hapo ndipo skopu iliyopinda shingo, yenye kioo cha nyuma kilichoinama nyuzi 45, inapoishinda ile iliyonyooka. Unaishusha tripodi hadi kifuani, inatulia zaidi, na mtoto na mgeni mrefu wote wanatazama bila wewe kugusa kitu. Iliyonyooka ni rahisi kulenga, basi. Kulenga utajifunza ndani ya wiki mbili.

Usipunguze pia kwenye ubora wa kioo chenyewe. Tafuta herufi ED, alama ya kioo kinachopunguza utepe wa rangi kwenye kingo za picha. Kioo cha kawaida humzungushia buabua mweupe utepe wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande mwingine, na kwa ndege unayemtambua kwa rangi ya mdomo hilo ni kosa kubwa. Kabla ya kulipa, toka nje ya duka ulenge ukingo wa mnara mweupe wa msikiti dhidi ya anga, uone kama una utepe. Kama unavaa miwani, hakikisha unaona duara zima bila kuivua. Na skopu iwe imejazwa naitrojeni na haiingizi maji, kwa sababu hewa yetu ya pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikishashika, hapa Malindi sijaona anayeweza kuitoa.

Za milimita 50 zipo pia, nyingine hazifiki hata kilo moja. Kwa anayekwenda msitu wa Dakatcha kwa bodaboda ningeziunga mkono. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke usibebe skopu kabisa. Chini ya miti ile darubini inatosha.

Ile ya milimita 80 bado ninayo. Naitumia kwenye hori ya Mida, ambako tuktuk inanifikisha karibu na naketi mahali pamoja nikingoja maji yapwe. Anayetaka kulinganisha aje, tuzisimamishe zote mbili mchangani Sabaki, saa moja asubuhi na tena saa tano, atazame ndege yule yule.