Je, wajua kwanini ua la Kilimanjaro linakataa jua?

Watu wengi wakisikia ua la mlimani wanadhani linataka jua la kutosha na baridi, basi wakipata mche wanaupanda katikati ya bustani, ikifika saa sita mchana ushalala chini.

Hili ua, kitaalamu Impatiens kilimanjari, kwa asili linaota mlima Kilimanjaro tu, na sio kule juu kwenye mawe, hapana, ni kwenye msitu. Ukipanda mlima kwa njia ya Marangu au Machame unaliona siku ya kwanza tu pembeni ya njia, chini ya miti, penye unyevunyevu. Ni dogo, jekundu, nyuma lina kimrija kimejikunja kama mkonga wa tembo na humo ndo kuna maji matamu.

Sasa angalia shina lake, ni laini limejaa maji, ukilibana na kucha linachuruzika, na majani ni membamba, yani halina kinga yoyote ya jua. Jua likilipiga majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyovuta, na mizizi yenyewe haiendi chini sana, ndo maana linanyauka hata kama umemwagilia asubuhi. Kule kwao upande wa kusini wa mlima msitu unapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo halijawahi kujifunza shida.

Kama uko Moshi ya juu, Arusha au Lushoto, liweke chini ya migomba, wachaga kahawa yao wanaipanda hivyo hivyo. Jua la asubuhi kidogo sio mbaya. Udongo uwe wa majani yaliyooza, juu tandaza majani makavu, ila maji yasituame maana shina linaoza fasta.

Mbegu ya kwenye msitu usichume jamani, msitu wote uko ndani ya hifadhi tangu 2005 na ni kosa. Tafuta mwenye nalo bustanini akukatie kitawi, kata chini ya pingili, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, linashika bila shida. Likishazoea litajipanda lenyewe, vifuko vyake vikikomaa ukivigusa tu vinapasuka mbegu zinaruka.

Wa Dar na Mombasa msijisumbue, joto litaliua. Chukueni ndugu yake Impatiens walleriana, naye ni wa huku huku Afrika Mashariki, anavumilia joto zaidi, ila kivuli na maji ni lazima vilevile.