Utafiti wa pamoja wa afya sio kugeuzwa panya wa maabara

Ile meseji ya "nchi jirani zikiungana kufanya utafiti wa afya ujue tunajaribiwa kama panya" imerudi tena kwenye magrupu. Sio kweli jamani. Miaka ya 90 watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa wanalinganisha majibu ya dawa za malaria, ikaonekana klorokwini imeshachoka, Kenya ikaiacha 1998, Tanzania 2001, ndo maana siku hizi unapewa dawa mseto. Ukifuatwa na watafiti, omba fomu ya ridhaa, ina namba ya kamati ya maadili, piga uulize, na ukikataa bado unatibiwa. Watu wanachanganyikiwa, nawaelewa, damu inachukuliwa leo majibu yanatoka baada ya miaka, na mara nyingi hakuna anayerudi kijijini kuwaambia. Meseji hiyo ikikufikia usiifowadi.