Aliyeshindwa Ana Bodi, Asiyeulizwa Bei Aende Wapi?

Wengi wanaoniletea malalamiko ya zabuni hapa Nairobi hawakukosa mradi wa barabara wala ujenzi wa hospitali. Ni wenye kampuni ndogo za usafi, upishi, kupuliza dawa ya wadudu na kutengeneza kompyuta. Kauli yao karibu ni moja: "Kazi ilitolewa, na sisi hatukuulizwa bei." Hapo ndipo kazi yangu ya ushauri huwa ngumu, kwa sababu sheria yetu humlinda vizuri aliyeulizwa bei akashindwa, lakini yule ambaye hakuulizwa kabisa humwachia njia nyembamba mno.

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Hakisemi kwamba kazi ndogo zimesamehewa ushindani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu kazi hizo zipitie kwotesheni badala ya zabuni ya wazi, na kanuni za 2020 ziliweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa huduma. Hakuna tangazo gazetini. Taasisi hupeleka maombi ya bei kwa watu inaowachagua, hupokea majibu, kisha hutoa LSO, yaani hati ya kuagiza huduma, kwa mwenye bei ya chini aliyetimiza masharti.

Kifungu cha 106 cha sheria hiyo kinasema ombi la bei lipelekwe kwa watu wengi kadiri inavyohitajika ili kuwe na ushindani wa kweli, na wasipungue watatu isipokuwa pale ambapo haiwezekani. Maafisa wengi wa ununuzi wanalikumbuka neno "watatu" na kulisahau lile la ushindani. Watatu ni kiwango cha chini tu. Katika jiji hili lenye kampuni za usafi kila mtaa, taasisi inayowaandikia watu wale wale watatu robo mwaka baada ya robo mwaka, huku orodha yake ya watoa huduma waliosajiliwa ikiwa ndefu, kwa maoni yangu inakiuka sheria hata kama faili lake lina barua tatu zilizopigwa mihuri yote.

Mbaya zaidi ni pale hao watatu wanapokuwa mtu mmoja. Hili si gumu kuligundua. Omba CR12, yaani hati rasmi inayoonyesha wamiliki wa kampuni, ya kila mmoja wao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, linganisha majina ya wakurugenzi na wenye hisa, kisha tazama anwani na nambari za simu. Kupanga bei kwa njama kunakatazwa na sheria ya ununuzi, na pia na Sheria ya Ushindani ya 2010, kwa hiyo lalamiko la aina hii linaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Huko huhitaji kuonyesha kwamba wewe mwenyewe uliomba kazi hiyo.

Kuna pia kukatakata kazi. Usafi wa jengo moja wa mwaka mzima ungevuka milioni 3, basi unagawanywa kwa orofa au kwa miezi mitatu mitatu, na kila kipande kinaingia kwenye kwotesheni. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Ununuzi kinakataza kugawa ununuzi kwa nia ya kukwepa utaratibu unaostahili. Ni kifungu kizuri sana, lakini kukisimamia ndiyo shida.

Shida yenyewe ni hii. Bodi ya Kutathmini Malalamishi ya Zabuni za Umma, PPARB, ina meno. Ukiwasilisha shauri ndani ya siku 14, mchakato husimama, nayo Bodi hutakiwa kuamua ndani ya siku 21. Lakini shauri hilo hufunguliwa na mtu aliyepata hati za zabuni baada ya mwaliko au aliyewasilisha bei. Kisha kifungu cha 167 kinaondoa mambo matatu mikononi mwa Bodi: uchaguzi wa njia ya ununuzi, kusitishwa kwa ununuzi kulikofuata sheria, na mkataba uliokwisha kutiwa saini kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo anayesema "hii kazi ilistahili zabuni ya wazi, si kwotesheni" huambiwa hilo si la Bodi. Hubaki Mahakama Kuu pale Milimani, na gharama ya wakili huko inaweza kumeza faida yote ya kazi ya shilingi laki nane.

Muda nao haumsaidii. Upishi wa warsha ya siku mbili huwa umekwisha kuliwa kabla mlalamikaji hajamaliza kuandaa makaratasi.

Ninaamini sheria irekebishwe hapa: kampuni iliyo kwenye orodha ya waliosajiliwa kwa aina hiyo ya huduma ihesabiwe kuwa ina haki ya kufika mbele ya Bodi, hata kama haikualikwa. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wenye vyeti vya AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi hayo nafasi ya zabuni, wametengewa angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi. Cheti kinamfaa nini kijana wa Kayole ikiwa barua ya kuomba bei haimfikii, na kutofikiwa huko hakumpi pa kulalamika?

Kwa sasa ninawashauri wateja wangu waanze na kumbukumbu. Taasisi inatakiwa kuzihifadhi kwa angalau miaka sita. Sheria ya ununuzi inamfungulia faili aliyewasilisha bei pekee, lakini Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba, na taasisi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Ikikataa, unakwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Usiombe "habari zote za zabuni", maana ombi pana hukataliwa kirahisi. Omba majina ya walioandikiwa kwa huduma hiyo katika mwaka fulani wa fedha, thamani ya kila LSO, na mpango wa ununuzi wa mwaka huo. Mpango ukionyesha usafi wa jengo kama kazi moja na LSO zikionyesha nne kwa kampuni ile ile, andikia Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma, PPRA, uombe ichunguze, na uambatishe karatasi zote mbili.