Gawio: maana yake kwa nyumba changa

Huku Lubumbashi ukisema "nina hisa Kenya", watu wanaweza kudhani una meza sokoni kwenye komine ya Kenya, mtaa wa mji wetu. Basi tuanze na neno lenyewe.

Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa zake. Likelemba, yaani kuchangiana feza kwa zamu, si gawio: zamu yako ikifika unapokea feza yako mwenyewe, haijazaa. Riba ya benki nayo si gawio, maana riba huahidiwa tangu mwanzo. Gawio hungoja faida ya mwaka. Isipopatikana, unaweza kukosa hata franga moja. Ndugu yake wa karibu ni kodi ya nyumba: mpangaji analipa, nyumba inabaki yako.

Tofauti ya mtaji na matunda yake wazee wetu waliijua kwa uchungu. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kwa "départ volontaire" (kuacha kazi kwa hiari), kila mmoja na bahasha yake ya feza ya kuagwa. Walikuwa wamekaa muda mrefu bila mshahara, kwa hiyo siwacheki. Bahasha nyingi ziliishia kwenye madeni, chakula na biashara ambazo hazikudumu. Wengi walikula mti wenyewe.

Kujitegemea kwa gawio ni pale magawio ya mwaka yanapofikia matumizi ya mwaka. Baba, mama na watoto wawili pale Katuba, tuseme wanatumia dola 400 kwa mwezi: ni 4,800 kwa mwaka. Hisa zikitoa asilimia 6 ya bei yake, wanahitaji hisa za dola 80,000. Hapo wengi hufunga daftari. Mimi ningegeuza ukurasa. Wakiweka dola 50 kila mwezi, na kila gawio linunue hisa nyingine kwa asilimia ileile, baada ya miaka 20 watakuwa na kama dola 23,000, na mfukoni walitoa 12,000 tu. Gawio lake ni kama dola 115 kwa mwezi. Uhuru bado, lakini minerval, yaani karo ya shule ya watoto, imepata mlipaji.

Kongo mpaka sasa haina soko la hisa. Ila TMB, benki iliyozaliwa hapa Lubumbashi mwaka 2004, tangu mwisho wa 2022 sehemu yake kubwa ni ya KCB, benki ya Kenya, na hisa za KCB huuzwa Nairobi. CRDB, benki ya Tanzania iliyofungua hapa mwaka 2023, iko kwenye soko la Dar es Salaam. Kwa hiyo makato unayolipa dirishani yanaweza kuishia kwenye gawio la mwalimu wa Mwanza. Kununua hisa hizo kunataka wakala aliyesajiliwa kule, na gawio huja kwa shilingi, likiwa limeshakatwa kodi. Shilingi nayo huteleza: mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya.

Anayekuletea "gawio" kila Ijumaa kwa WhatsApp, mkimbie. Kampuni za kweli za ukanda wetu kwa kawaida hulipa mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya kupiga hesabu. Na hata kwao, uliza tarehe ya kufunga daftari la wanahisa: ukinunua baada ya hapo, gawio la mwaka ule linakwenda kwa aliyekuuzia.