Giza la dagaa na saa ya utumbo

Wavuvi wa dagaa wa hapa Tanga wanaishi kwa kalenda ya mwezi. Kipindi cha giza wanatoka jioni na taa zao, wanarudi alfajiri. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawaifuati taa, basi vyombo vinakaa pwani, nyavu zinashonwa na watu wanalala usiku. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na malalamiko ninayoyasikia yanafuata kalenda hiyohiyo: "Dokta, giza likianza tumbo linajaa gesi, choo kinakuwa cha shida." Wengi wanalaumu baridi ya baharini. Mimi nalaumu saa.

Bakteria wa utumbo mpana hawaoni mwanga hata kidogo. Mwanga unawafikia kwa njia ya kuzunguka. Ndani ya jicho kuna seli zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, ambazo kazi yake ni kupima ukali wa mwanga, hasa wa buluu, na kupeleka habari kwenye kijisehemu cha ubongo kinachoendesha saa ya mwili. Melatonini (homoni ya usiku), usingizi na njaa vinafuata amri ya hapo. Zile taa nyeupe za betri zinamwambia mvuvi wa saa saba usiku kwamba bado ni mchana. Naye anafungua kiporo cha wali na kinywaji cha kuongeza nguvu, anakula. Kwa bakteria, chakula ndiyo saa yenyewe.

Mwaka 2014 Christoph Thaiss, Eran Elinav na wenzao wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha kwamba bakteria wa panya hupanda na kushuka kwa idadi ndani ya saa 24. Panya walioharibiwa jeni za saa ya mwili walipoteza mpangilio huo. Walipolishwa kwa saa maalumu, ukarudi. Kisha wakachukua kinyesi cha watu wawili waliosafiri kwa ndege kutoka Marekani hadi Israeli, wakawapandikizia panya wasio na bakteria. Kinyesi cha siku za uchovu wa safari kiliwanenepesha panya na kuwapandishia sukari. Kile cha wiki mbili baadaye, hapana. (Watu wawili ni wachache mno, na panya kwa asili hukesha, kwa hiyo msiyabebe mazima.)

Mvuvi wetu hapandi ndege, lakini kila mwezi anageuza usiku na mchana mara mbili. Kinachomsumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni huko kugeuzageuza. Mwezi siwezi kumzuia, ila saa ya kula inapangika. Mlo mkubwa, ugali wa dona na kunde, uliwe saa kumi na moja jioni, giza au mbalamwezi. Chomboni maji tu, au chai isiyo na sukari nyingi. Akirudi anywe uji, kisha alale chumba chenye pazia zito.

Mke wa nahodha mmoja alinigombeza: saa kumi na moja ndiyo anauza samaki, nani apike? Tukakubaliana kunde zichemshwe adhuhuri, ugali asonge binti akitoka shule.