Usuli wa daktari na ubora wa huduma ya kisukari: kinachohusiana na kisichohusiana

Kaa kwenye benchi la kliniki ya sukari siku yoyote, utayasikia. Mama mmoja anamnong'oneza jirani yake: "Mimi namsubiri yule mzee, huyu kijana katoka chuo juzi." Mwingine anataka daktari wa kike kwa sababu anasikiliza. Wa tatu ameambiwa kuna dokta aliyesomea Cuba, na waliosomea huko ndio wenyewe. Wote watatu wanatumia usuli wa daktari kukisia huduma watakayopata. Watafiti wa afya nao wameliuliza swali hilohilo kwa miaka mingi, na walichokipata kinastahili kuwafikia wagonjwa.

Usuli wa daktari ni yale aliyokuja nayo kabla mgonjwa hajaketi mbele yake: umri, jinsia, chuo na nchi aliyosomea, miaka aliyofanya kazi, mafunzo ya ziada, lugha anazozungumza, mazingira aliyokulia. Ubora wa huduma ni kitu kingine, na ndio wenye utata zaidi. Watu wengi wakisema daktari fulani ni mzuri, wanamaanisha ana maneno ya upole au dawa zake zinafanya kazi haraka. Kwenye kisukari vigezo hivyo havitoshi, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuharibu figo, macho na mishipa ya fahamu kwa miaka bila mwenye mwili kuhisi chochote.

Aliyetupa njia ya kulifikiria jambo hili ni Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1966 alipendekeza ubora wa huduma upimwe kwa kutazama mambo matatu: muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni watu, vifaa na dawa zilizopo. Mchakato ni kile anachofanyiwa mgonjwa. Matokeo ni kinachompata baadaye. Usuli wa daktari ni kipande cha muundo, tena kipande kimoja tu. Kwa hiyo tunachouliza ni kama kipande hicho kinabadilisha mchakato, na kama mchakato ukibadilika mgonjwa anafaidika.

Kisukari kimependwa sana na watafiti wa ubora kwa sababu mchakato wake unahesabika. Nchini Uingereza, mgonjwa anatarajiwa kufanyiwa mambo tisa kila mwaka: sukari ya miezi mitatu (HbA1c), presha, mafuta kwenye damu, kipimo cha damu cha figo, protini kwenye mkojo, ukaguzi wa miguu, uzito kulinganisha na urefu, kuulizwa kuhusu sigara, na kuchunguzwa macho. Ukishika faili unaweza kuhesabu yaliyofanyika na yaliyorukwa. Na hayakuchaguliwa kwa kubahatisha. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliotangaza matokeo yake mwaka 1998, ulionyesha kwamba wagonjwa waliotibiwa kwa nguvu zaidi hadi HbA1c ya asilimia 7.0, badala ya 7.9 ya wenzao, walipungukiwa na madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho, kwa robo.

Sasa tuanze na yule mzee. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 62 kuhusu uhusiano kati ya miaka ya kazi ya daktari na ubora wa huduma yake, kwa magonjwa mbalimbali. Zaidi ya nusu ya tafiti hizo zilionyesha ubora ukishuka kadiri miaka ilivyoongezeka, katika kila kipimo kilichoangaliwa. Matokeo hayo yanauma, hasa kwetu tuliolelewa kuheshimu mvi. Lakini maelezo yake yanaeleweka. Daktari aliyehitimu mwaka 1985 alifundishwa kisukari kabla ya matokeo ya UKPDS, kabla ya dawa nyingi za sasa, na enzi ambayo kupima HbA1c hakukuwa kazi ya kawaida katika hospitali nyingi. Asipojisomea, anaendelea kutibu kwa vipimo vya enzi yake. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2017, uliohusu wazee waliolazwa, ulikuta vifo vikiongezeka kidogo kadiri umri wa daktari ulivyopanda, isipokuwa kwa madaktari walioona wagonjwa wengi. Kwao umri haukuonyesha tofauti. Kwa hiyo usimkimbie daktari mzee ambaye bado yuko kazini kila siku na bado anasoma.

Kuhusu jinsia, tafiti kadhaa zinaelekea upande mmoja. Nchini Ujerumani, utafiti wa mwaka 2008 uliohusisha wagonjwa wa kisukari zaidi ya 51,000 ulikuta wagonjwa wa madaktari wanawake wakifikia malengo ya sukari, mafuta na presha mara nyingi zaidi kidogo. Neno "kidogo" hapo lina uzito. Tofauti inaonekana ukiwa na maelfu ya wagonjwa, lakini haikwambii chochote cha uhakika kuhusu daktari mmoja aliye chumba namba tatu.

Na nchi aliyosomea? Hapa ndipo minong'ono ya kwenye benchi inapokosea zaidi. Marekani ina madaktari wengi waliosomea nje, na kwa muda mrefu wametiliwa shaka. Mwaka 2017 watafiti walilinganisha vifo vya wazee waliolazwa, kwa magonjwa ya kila aina. Baada ya kusawazisha tofauti za wagonjwa, vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 11.2 kwa waliotibiwa na madaktari waliosomea nje, na 11.6 kwa waliotibiwa na waliosomea humohumo Marekani. Huo haukuwa utafiti wa kisukari na sitaki kuubebesha zaidi ya uwezo wake. Unatosha kuonyesha kwamba jina la nchi kwenye cheti si kipimo cha kutegemea.

Lakini kuna utafiti mmoja wa zamani ambao ningependa kila mtu anayepanga madaktari kwa ubora ausome. Ulitoka mwaka 1999 na ulihusu kisukari hasa: madaktari 232, wagonjwa zaidi ya 3,600. Waliangalia sukari, kulazwa, mahudhurio na vipimo vya maabara, wakauliza ni sehemu gani ya tofauti kati ya wagonjwa inatokana na daktari anayewatibu. Jibu lilikuwa asilimia 4 au chini ya hapo. Sehemu iliyobaki ilikuwa nje ya daktari. Waligundua pia jambo la hatari: daktari mwenye takwimu mbaya angeweza kujisafisha kwa kuwaondoa kwenye orodha yake mgonjwa mmoja hadi watatu wenye sukari ya juu zaidi. Ukiwapima madaktari kwa matokeo peke yake, unawapa sababu ya kumkwepa mgonjwa anayewahitaji zaidi. Mimi naona hilo ni kosa kubwa kuliko kutopima kabisa.

Asilimia 4 isikufanye udhani daktari hana kazi. Chukua daftari la kliniki la mgonjwa ambaye yeyote kati yetu anamjua. Januari, sukari kabla ya kula 11.2 (kwa mmol/L), "aendelee na dawa". Februari, 10.8, "aendelee na dawa". Machi, 12.1, "aendelee na dawa, apunguze wanga". Dawa yake ya sukari, metfomini, ni ileile, miligramu 500 asubuhi na jioni, ingawa figo zikiwa salama dozi hiyo ina nafasi kubwa ya kupandishwa au kuongezewa dawa ya pili. Kurasa tatu, mwandiko wa watu watatu tofauti, uamuzi mmoja. Madaktari wa Atlanta, Marekani, waliandika mwaka 2001 kuhusu tabia hii ya kutobadili tiba, wakitaja sababu zake: daktari hudhani anatoa huduma bora kuliko anayoitoa, hujipa visingizio vyepesi vya kuahirisha kubadili tiba, na hukosa mafunzo na mpangilio wa kliniki unaomsukuma kufikia lengo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyofungwa kwa umri, jinsia au chuo.

Mpangilio wa kliniki ndio unaonifanya nirudi kwetu. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kufundisha ubingwa wa udaktari wa familia mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kina mafunzo hayo, lakini madaktari hao bado ni wachache mno. Mgonjwa wa sukari wa kijijini, Kenya au Tanzania, anahudumiwa zaidi na tabibu au muuguzi wa zahanati na kituo cha afya. Je, kwa kuwa si daktari, huduma lazima iwe duni? Kule Hlabisa, vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wauguzi walipewa mwongozo wa hatua kwa hatua wa kupandisha dawa na kuwafundisha wagonjwa. Wastani wa HbA1c ulishuka sana ndani ya miezi 18. Kufikia mwaka wa nne ulikuwa umepanda tena, ingawa haukurudi pale ulipoanzia. Muuguzi mwenye mwongozo na dawa alifanya kazi ambayo daktari bila hivyo viwili hawezi. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta upungufu wa vifaa na dawa za msingi za kisukari na presha ukiwa mkubwa zaidi ngazi za chini. Tabibu wa zahanati isiyo na vipande vya kupimia sukari hawezi kuokolewa na cheti chake.

Kuna kipande kimoja cha usuli ambacho nakiamini kuliko vingine vyote, nacho ni lugha na maisha. California, wagonjwa wa kisukari wenye asili ya Amerika ya Kilatini wasiojua Kiingereza vizuri walifuatiliwa walipobadilishiwa daktari. Waliopata daktari anayezungumza Kihispania, baada ya kuwa na asiyekijua, walidhibiti sukari vizuri zaidi kuliko waliobaki na wasiokijua, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Kwa Mswahili aliyeko Minneapolis au Muscat jambo hili si la nadharia. Na hata Dar es Salaam, daktari anayeandika Kiingereza kwenye faili anapaswa kuhakikisha bibi ameondoka akijua kidonge kipi kimebadilika.

Kisha kuna mfungo. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kuhusu Ramadhani, uliotolewa mwaka 2016 na kuhuishwa 2021, unataka mgonjwa aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla, yaani tangu Rajabu. Hapo hupimwa kama kufunga ni salama kwake, dawa kama glibenklamaidi inayoweza kushusha sukari kupita kiasi huangaliwa upya, na mgonjwa huambiwa afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6. Huambiwa pia kwamba kujitoboa kidole kupima hakufunguzi. Daktari aliyekulia Tanga au Lamu huuliza hayo bila kukumbushwa, na anajua futari ina tende, uji, viazi vitamu na maji ya matunda kwa mkupuo mmoja. Lakini yote yameandikwa, na daktari aliyekulia mbali na pwani anaweza kuyasoma kabla Rajabu haijaisha.