Kurudiana na mwenzi mwenye baipola: usijibu kikaoni

Wanaokuja kliniki kwetu kuuliza kama warudiane na mwenzi mwenye baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia kupita kiasi na kumshusha, wengi wameshakalishwa kikao. Wazee wamesema, mawifi wameomba radhi, mume amelia, na jibu linatakiwa kabla watu hawajatawanyika. Usijibu siku hiyo, hasa kama mwenzi wako ametoka wodini juzi au bado anakesha.

Mgonjwa wa baipola akipanda, yaani akichangamka kupita kiasi, kwa wiki nzima au zaidi, hulala saa chache asichoke, huongea bila kituo, hukopa kwenye simu, huuza kiwanja kwa bei ya kutupa. Akishuka, yaani akizama kwenye huzuni, hujilaumu kwa kila kitu, na anaweza kufikiria kujiua. Ahadi za vipindi vyote viwili zisikupeleke mbio. Wa kuzungumza naye ni yule anayebaki hali ikitulia.

Akitulia, mtazame anavyouchukulia ugonjwa wake. Wengi huacha dawa kwa kujiona wamepona, wengine kwa kunenepa au kutetemeka mikono, na wapo wanaoukumbuka ule uchangamfu wakautaka tena. Anayesema "nilirogwa, yameisha" bado hajaanza safari. Anayekuonyesha kadi ya kliniki na tarehe za kurudi, au kama anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, majibu ya kipimo cha damu cha kila miezi michache, huyo amekupa kitu cha kushika. Hata kujua kwamba diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kujinunulia dukani hupandisha lithiamu mwilini ni dalili kwamba anawasikiliza wanaomtibu. Mkiishi mbalimbali miezi kadhaa huku mkiwasiliana, hayo utayaona mwenyewe. Mimi nayaamini kuliko machozi.

Sasa lile ambalo ndugu hawapendi kulisikia. Kama alikuwa akikupiga hata akiwa mzima, hakuna kidonge cha tabia hiyo. Na aliyekupiga akiwa mgonjwa, ugonjwa unaeleza kilichotokea, lakini haukulazimishi kurudi nyumba ambayo wewe na watoto hamko salama.

Mkikubaliana kurudiana, andikeni masharti akiwa mzima: dalili zake za mwanzo (kwa wengi ni kupungua usingizi), nani apigiwe simu, kadi ya benki na hati ya nyumba zikae kwa nani, watoto walale wapi. Aweke sahihi na shahidi awepo. Kama mgonjwa ni mke na mnatamani mtoto, mwoneni daktari kabla ya mimba, kwa sababu sodiamu valproeti, dawa nyingine ya baipola, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, shauri la talaka kwa kawaida hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mkifika huko wakati mwenzi wako amepanda au ameshuka, ombeni tarehe nyingine, na siku ya kikao mwende na karatasi yenu ya masharti.